Uyoga wa Karelia na Mtu Asiye na Watani

Tangu nirudi siwezi kununua hata sabuni hapa Likasi, pale sokoni Kikula, bila mtu kunishika mkono: "Alors, mon vieux, kule kulikuwa namna gani?" Nimeisimulia safari hii mara nyingi mno, na naona imeanza kunidanganya mwenyewe. Kila nikiirudia, ndege inachelewa zaidi na bibi Oksenja anaongezeka urefu. Basi naiandika mara moja tu, kama ilivyokuwa. Mpeane karatasi hizi, kisha mniache ninunue sabuni.

Mambo ya pasipoti na mihuri nayaruka. Itoshe kusema kwamba Kampuni ilitaka kijana mmoja wa maabara ya kiwanda cha Shituru aende Finland kwa wiki saba, katika mji mdogo wa shaba, akaone wenzetu wanavyopima madini yao. Vijana wawili walikuwa mbele yangu kwenye orodha. Mmoja alikuwa anaoa wiki ile ile, na mwingine aliogopa baridi. Nikabaki mimi, ambaye mwalimu wangu wa shule ya Mulungwishi aliwahi kuniita "mdomo ulioota miguu".

Shituru: sanduku lililoagwa

Lazima nianze na baba, maana bila yeye safari nzima ingekuwa habari ya kupima mawe.

Wengi mnamjua: fundi wa karakana ya treni, mwembamba, kofia ya buluu, hatua fupi za haraka kana kwamba king'ora kimeshalia. Amebakiza miezi michache astaafu. Msilolijua labda ni kwamba baba hajui ni mtu wa wapi. Aliletwa kambini kwa wafanyakazi wa Kampuni akiwa mtoto wa kubebwa, na mwanamume aliyejiita mjomba wake. Mjomba akafa kwa homa kabla ya kueleza zaidi. Karani aliyeandika kitabu chake cha kazi alikuwa amechoka, akamwandikia kabila la mtu aliyetangulia kwenye mstari. Ndilo baba analolivaa mpaka leo, kama koti la kuazima linalobana kwapani. Watu wa kabila hilo wakimuuliza, "Weye uko wa ukoo gani?" anakohoa.

Na ukoo ndio unaoleta watani. Naeleza kwa ajili ya wale mliokulia sinema. Koo zimepangwa mbili mbili: watu wa Mbuzi na watu wa Chui, watu wa Mvua na watu wa Uyoga, na kadhalika. Wanatukanana popote wanapokutana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mmoja akifa, watani wake ndio wanaochimba kaburi. Matangani wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake, wanaketi mahali pake na kudai chakula chake, mpaka mjane acheke bila kutaka. Wazee wa upande wa Wabemba wanauita bunungwe.

Jirani yetu Mzee Kabwe, fundi mwenzake baba, ni mtu wa Mvua. Kila asubuhi anaegemea ua na kupiga kelele: "Weye kichwa ya sufuria! Ungali muzima?" Baba anajibu, "Nakungojea weye utangulie." Lakini huo ni ujirani tu. Utani wa kweli unataka ukoo.

Wiki mbili kabla ya safari, baba alitoka kwenye matanga ya mtu wa karakana, ambako watani walicheza mpaka wakavunja sufuria. Jioni ile akaweka tonge lake la bukari chini, akaniangalia.

"Weye uko muntu wa masomo. Uniambie. Siku minye nitakufa, nani atakuja kunicheka?"

Nilijibu kama mjinga aliyesoma. Nilisema Kampuni inatoa sanduku, komini, serikali ya mtaa, inatoa shimo, na utani ulibuniwa na watu waliokosa kitu kingine cha kufanya.

"Sikuuliza sanduku," baba akasema.

Siku kumi na nne hakunipa neno. Stesheni alikuja, ndiyo, lakini alizungumza na sanduku langu la nguo. Alilipapasa mgongoni akaliambia, "Uende muzuri, weye. Na uturudishie huyu mujinga."

Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na daftari. Katika maktaba ya kampasi, kule Lubumbashi, nilikuwa nimesoma kwamba mji wangu wa shaba uko sehemu inayoitwa Karelia, na kwamba asili ya jina hilo haina mwenyewe. Wengine wanasema limetoka kwenye neno la mifugo, wengine la msitu, wengine la jeshi. Nikajiambia: hawa ni watu wenye vyuo vikuu, na swali lao ni lile lile la baba. Nikijua wao walipataje jina, labda nitajua njia ya kulitafuta la kwake. Nilitaka kurudi na jibu, nimwekee mezani, anitazame tena usoni.

Lubumbashi: ndege ya wakubwa

Treni ya kwenda Lubumbashi ilisimama kwa muda wa saa tano kwenye stesheni ndogo kwa sababu dereva alimkuta shemeji yake. Sisemi uongo. Tulikula viazi vitamu vya shemeji, na ilipofika saa ya kuondoka abiria wawili walikuwa wamekwisha kuposana.

Uwanja wa ndege tulikuta ndege imechukuliwa na wakubwa. Wakubwa gani, kwenda wapi, hakuna aliyeuliza, hata mimi. Picha ya Kiongozi ilikuwa ukutani juu ya kaunta, na kofia yake ya chui ilinitosha kama jibu. Tulingoja siku tatu. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Mama Zaina, mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa upande wa Kasongo, mwenye kikapu cha maandazi kisichoisha.

"Unaenda kutafuta nini kule?"

"Kujifunza kupima shaba, mama."

"Ya hapa iliisha?"

"Apana. Kule banapima muzuri."

"Basi bakuje bapime hapa, weye ukae na mama yako. Na hii daftari?"

Nikamweleza habari ya jina. Alisikiliza mpaka mwisho, akang'ata andazi.

"Ni kusema unapanda ndege, unaenda kuuliza bantu jina yabo inatoka wapi. Na bakikuuliza ya kwako?"

Nilifungua mdomo. Akanitilia andazi humo, na siku ile hatukuzungumza tena falsafa.

Brussels: kahawa ya yule mama

Brussels nilikaa saa sita. Nilikuwa nimevaa abakosti yangu mpya, lile koti letu la taifa lisilotaka tai, vifungo mpaka shingoni. Mama mmoja mwenye mbwa mdogo akanidhani mhudumu, akanipungia kidole na kuagiza kahawa moja. Ningeweza kumweleza kwamba mimi ni mkemia wa Jamhuri ya Zaïre. Nilihesabu maneno yatakayohitajika, nikaona kwenda kuchukua kahawa ni kazi fupi zaidi. Nilileta mbili, nikaketi naye, nikanywa yangu. Mbwa peke yake ndiye aliyeshangaa.

Helsinki hadi mji wa shaba: treni iliyofungua mdomo

Kwetu mtu akiingia katika behewa anasalimia. Nikaingia, nikampa mkono abiria wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walinitazama kwa hofu, kisha mmoja baada ya mwingine wakanipa tiketi zao. Abakosti tena! Kuwakatalia kungekuwa aibu kwao na kwangu, kwa hiyo nilizikagua zote kwa makini, nikaitikia kwa kichwa kwa wema na kuzirudisha. Mkaguzi wa kweli alipokuja nusu saa baadaye alipata taabu sana.

Baada ya hapo kimya. Saa nne za misitu, maziwa, misitu. Watu hamsini na hakuna hata aliyepiga chafya. Nikaanza kufikiri kwamba tumefiwa na mtu ambaye sijaambiwa. Halafu kwenye stesheni moja waliingia mabibi wawili wenye vikapu vya uyoga, na treni ikafungua mdomo. Walisema na dirisha, walisema na mimi, walinipa mkate wa rai, nafaka yao nyeusi, uliojaa uji wa mchele, walicheka nilipotafuta nyama ndani yake. Nikaandika kwenye daftari: "Hapa ndipo Karelia inapoanza. Mpaka wake unasikika."

Stesheni ya mwisho nilipokewa na Aila, mwalimu wa Kifaransa aliyeombwa anitafsirie. Jina la mji silitaji, hamtaliweza. Lina o na u kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Nyumba ya Oksenja: ng'ombe, msitu, jeshi

Bibi aliyenipangishia chumba aliitwa Oksenja. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na kitambaa kichwani, na alinipokea kwa kunibusu mkono. Nikambusu wake, nikidhani ndiyo desturi. Ilichukua siku mbili kwa Aila kugundua kwamba Oksenja, ambaye ni Mkristo wa Orthodoksi, alikuwa amesikia habari za Wakristo wenzake wa Ethiopia, akaona abakosti yangu, akaamua mimi ni shemasi. Siku hizo mbili nilikuwa nimebariki mikate kumi na miwili. Tulipomweleza kwamba mimi ni mtu wa maabara na siamini hata kipimajoto bila cha pili, alifikiri kidogo. "Mikate iliumuka vizuri," akasema. "Aendelee."

Wiki ile ile niliyofika alikuwa ametoka kumzika kaka yake Ilja, waliyeishi naye nyumba moja. Picha yake ilikuwa juu ya jiko. Kofia yake ilining'inia mlangoni, hakuna aliyeigusa.

Mchana nilikuwa maabarani, hayo hayawahusu. Alasiri nilikuwa msituni na Oksenja, na Aila wa kutafsiri, kuokota uyoga, na hapo ndipo nilipokuwa nyumbani kabisa. Uyoga wa njano, wa kahawia, wa maziwa unaotiwa chumvi kwenye pipa! Alishangaa kuona Mwafrika anapiga magoti na kunusa shina kabla ya kukata. Nilimwambia kwamba kwetu, mvua zikianza, akina mama wanapanga uyoga kando ya barabara, mwingine mkubwa kama mwavuli. Hakuamini. Jioni tulikula, tukanywa kinywaji chao cha kimea, ambacho ni mdogo wake munkoyo wetu wa mahindi. Nilikitambua kwa tone la kwanza, karibu nimwage machozi.

Na kila siku nilimuuliza: Karelia maana yake nini?

Siku ya kwanza alisema ni ng'ombe, kwa kuwa neno la mifugo linafanana nalo na watu wao walikuwa wafugaji. Nikaandika: ng'ombe. Mhandisi wa maabara akacheka: ni jeshi, neno la zamani la watu wa kusini, maana hapa kila mtu alipigana na kila mtu. Nikaandika: jeshi. Padri wao akasema ni msitu wa mlimani, neno lililovuka bahari. Nikaandika: msitu. Nilipomrudia Oksenja na orodha yangu alisema, "Basi ni jeshi la ng'ombe msituni. Kula."

Mtu mmoja tu hakujibu swali hilo kwa adabu. Alikuwa Eino, jirani, mchimbaji mstaafu, mrefu kama mlingoti. Yeye si Mkarelia, ni mtu wa Savo, mkoa wa upande wa pili. Kila asubuhi alipita dirishani na kuuliza kama yule kizee anayebwabwaja amenyamaza hatimaye. Oksenja alimjibu kwamba mtu wa Savo akiulizwa saa ngapi anaanza kueleza mbao za saa zilikatwa wapi. Eino aliniambia: "Unataka kujua Mkarelia ni nini? Ni mtu anayelia huku anacheka huku anakulisha, na huwezi kumzuia hata kimoja."

Halafu Aila akaniambia kwamba kaburi la Ilja lilichimbwa na Eino, kwa mikono yake, akikataa msaada.

Niliruka kitini. Anatukana, anatukanwa, hakuna anayekasirika, na amechimba kaburi? Kwa mtu wa Likasi hapa hapana cha kuuliza. Wasavo na Wakarelia ni watani! Nikaandika kwa herufi kubwa na mistari mitatu chini. Nilijiona nimegundua kitu ambacho vyuo vikuu vyao vyote vimeshindwa kukiona kwa kukaa karibu nacho mno.

Wiki ya sita: kiti cha Ilja

Wakarelia wa Orthodoksi wanaamini kwamba marehemu hazunguki mbali kwa wiki sita. Wiki ya sita anakaribishwa chakula cha mwisho, kisha anaagwa. Asubuhi tulikwenda makaburini na padri, na adhuhuri tuliketi mezani, watu kama kumi na watano. Kwenye kichwa cha meza palikuwa na kiti kitupu, taulo jeupe lenye nakshi nyekundu, bakuli la supu ya uyoga, kijiko. Hapo ni pa Ilja.

Nilifurahi moyoni. Niliijua shughuli hii. Nikamtazama Eino, nikingoja.

Eino alikaa na suti nyeusi kama mlango uliofungwa. Supu ikapita, samaki wadogo kama ndakala, dagaa wetu, wakapita, mikate ikapita. Oksenja, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza dakika nzima, alitazama sahani yake. Aila alikuwa ameniambia kwamba Oksenja hajalia tangu mazishi.

Nikamkonyeza Eino. Nikamwonyesha kiti kwa kidevu. Akanitazama kama ng'ombe anavyotazama treni. Nikamwonea aibu: mtani mkubwa mzima, na anaacha kazi yake mbele ya watu! Kwetu mtani akishindwa, aliye karibu anamshika mkono. Jamani, aliyekuwa karibu ni mimi.

Nikainuka. Nikatwaa kofia ya Ilja mlangoni, nikaivaa. Nikachechemea mguu wa kushoto, kama Oksenja alivyokuwa amenionyesha kwa kicheko msituni. Nikaketi kwenye kiti kitupu, nikanusa supu, nikakunja uso, na kusema maneno aliyoniambia kwamba kaka yake aliyasema kila siku ya maisha yake: "Missä suola?" Yaani, chumvi iko wapi?

Rafiki zangu, nimesikia kimya cha treni ya Finland. Kile hakikuwa kimya. Hiki ndicho kilichokuwa kimya.

Aila akawa mweupe kama taulo. Binamu mmoja mwenye kola ya manyoya akasukuma kiti, akatoka, na mlango ukagonga. Hapo ndipo nilipokumbuka, kwa kuchelewa sana, kwamba nimejiuliza maswali elfu juu ya watu hawa na sikumuuliza mtu hata mmoja swali hili: je, mnafanyaga hivi? Mimi, ninayedai uthibitisho wa kipimajoto!

Halafu sauti nzito kutoka mwisho wa meza. Eino. Hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na kofia.

"Weka chini hicho kijiko, mwizi," Aila akanitafsiria kwa mnong'ono. "Kwanza nirudishie msumeno wangu."

Nilikuwa na Kifini cha chumvi tu. Nikajibu kwa lugha iliyokuwa karibu na moyo: "Sirudishe! Msumeno yako haikati hata ndizi!"

Eino hakuhitaji mtafsiri. Alipiga meza. Alisema Ilja alikuwa mvuvi mbaya kuliko wote waliowahi kuzama, kwamba alichechemea upande wa kushoto akienda kazini na wa kulia akirudi, kwamba aliwahi kuimba kanisani mpaka kengele ikaomba radhi. Kila alipomaliza nilinusa supu na kudai chumvi. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akakumbusha habari ya boti ya Ilja. Oksenja alikuwa ameinua aproni usoni, mabega yanatikisika, na kwa muda mrefu sikuweza kujua kama analia au anacheka. Alipoishusha nikaona ni yote mawili. Akainuka, akaja polepole, akanipiga kofi la kichwani juu ya kofia. Kisha akatia chumvi kwenye bakuli.

Binamu hakurudi. Kesho yake nilikwenda kwake na Aila kuomba radhi. Alinisikiliza mlangoni na hakunikaribisha ndani. Alikuwa na haki. Naliandika hili kwa sababu nikilisimulia Kikula huwa naliruka.

Jioni ya siku ya karamu, wageni walipoondoka akabaki Aila tu, na jua bado liko dirishani, Oksenja aliniuliza nimejifunza wapi kazi hiyo. Nikamweleza watani, na mara nikajikuta namweleza baba, swali lake, na jibu langu la sanduku.

"Na yeye nani atamkalia kitini?"

"Hana mtu. Hatujui jina la ukoo wake. Ndiyo maana nakusumbua na jina la kwenu."

"Jina!" Akacheka. Kijiji chake, alisema, kiko ng'ambo ya mpaka, vita vilikichukua. Kule hawakujiita Wakarelia. Walijiita watu wa kwetu, basi. Siku waliyohamishwa, karani alimshonea kipande cha karatasi kwenye koti, na kwenye karatasi hiyo ndipo alipojifunza kwamba yeye ni Mkarelia. Akashuka hapa na ng'ombe mmoja na karatasi. Eino alikuwa amesimama stesheni. Kabla hajasoma karatasi alisema, "Ee Mungu, mwingine anayebwabwaja," akambebea mzigo.

Alikwenda stoo, akarudi na mfuko wa kitambaa uliojaa uyoga mkavu.

"Mpe baba yako. Mwambie asile peke yake."

Kurudi: askari, mvua na chumvi

Njiani hapakuwa na kitu, ila mfuko ule ulinuka msitu mpaka Brussels na mpaka Kinshasa. Uwanja wa ndege Lubumbashi askari akaufungua.

"Hii njo nini, citoyen?"

"Bowa." Ndivyo tunavyouita uyoga.

"Bowa ya Ulaya? Bazungu banakula bowa?" Akawaita wenzake watatu waje kucheka. Alichukua mmoja, akautia mfukoni kama ushahidi. "Uende. Mama yangu hatakubali hii."

Likasi mvua zilikuwa zimeanza. Baba alikuwa ameketi kitini barazani, kofia yake imetundikwa msumarini. Alinitazama, kisha akatazama chini. "Karibu, sanduku," akasema. "Umefika na yeye?"

Mama akachukua uyoga, akaupika na karanga. Wakati sufuria ikichemka nilisimulia yote, kama hapa, binamu na yote, na Mzee Kabwe akaegemea ua na kusikiliza bila kuomba ruhusa. Nilipofika mwisho nilisema niliyokuwa nimejizoeza tangu Brussels.

"Papa, nilikosea siku ile. Jina sikulipata. Hata benyewe ya kwabo habaijue. Huyu mama alisema tu usikule peke yako."

Mama alipakua, baba akachukua kijiko. Alitafuna uyoga mmoja kwa muda mrefu sana.

"Iyi bowa," Kabwe akasema kutoka uani, "nani alikupa?"

"Mama moja wa kule mbali," baba akajibu. "Muzee."

"Mama muzee. Na anakuita ukule." Kabwe akafungua kigeti, viatu vimejaa matope. "Kumbe uko muntu wa Uyoga! Ukoo inatoka kwa mama, ao haitoke kwa mama? Na minye niko wa Mvua! Miaka hii yote nilikuwa nakunyeshea bule, na hauniambie!"

Nilifungua mdomo kueleza kwamba ukoo haupatikani kwa posta. Mama akaniangalia. Nikaufunga.

"Ukoo haikuwe hivi, Kabwe," baba akasema, lakini kijiko kilikuwa kimesimama hewani.

"Ikuwe namna gani basi? Karani mwenye kuchoka akupe, unapokea. Mama muzee akupe, unakataa? Kichwa ya sufuria!" Akachukua kofia ya buluu msumarini, akaivaa. Akatembea barazani kwa hatua fupi za haraka, kana kwamba king'ora kimeshalia. Akajiuliza kwa sauti nene, "Weye uko wa ukoo gani?" na akajijibu kwa kukohoa, kikohozi kile kile, mpaka mama akakaa chini. Halafu akaketi kwenye kiti cha baba, maana baba alikuwa amesimama, akavuta bakuli, akanusa, akakunja uso.

"Chumvi iko wapi?"

"Toka kwa kiti yangu!" Baba alikuwa anacheka mpaka akashika nguzo. "Ungoja nikufe kwanza, weye! Ungoja nikufe!"

"Nafanya répétition, najizoeza tu," Kabwe akasema, mdomo umejaa.

Baba akafuta macho kwa kiganja. Kisha akanigeukia mimi. Sanduku lilikuwa pale pale karibu na mguu wake, hakulitazama.

"Mutoto," akasema, "umupe mutani wangu chumvi."